Kansa ya tezi dume kuchomwa kwa sauti

Mwezi huu tunajibu swali la baba mmoja wa hapa kambini. Kaka yake yuko Uingereza, amekutwa na kansa ya tezi dume, na madaktari wanataka kuichoma kwa sauti, bila kisu. Anauliza: hiyo ni dawa kweli, ama wanamjaribu tu?

Baba, ni dawa kweli. Sisi ni walimu, siyo madaktari, lakini tumesoma. Mgonjwa analazwa usingizi, kifaa kinaingizwa kwa njia ya haja kubwa. Kinatuma mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, ndugu wa yale wanayopimia wamama wajawazito. Ila haya yanakusanywa sehemu moja, kama watoto wanavyokusanya jua kwa lenzi mpaka karatasi inaungua. Pale yanapokutana joto linapita digrii 60, na nyama yenye kansa inakufa.

Na miaka ikipita? Mwaka 2022 madaktari wa Uingereza walitoa hesabu ya wanaume 1,379 waliotibiwa hivyo katika hospitali 13. Ikifika miaka 7, karibu 7 katika kila 10 wanakuwa hawajahitaji kutolewa tezi wala kupigwa mionzi, na kansa haijasambaa. Wengine ilibidi wachomwe mara ya pili. Hesabu nyingine, ya 2018, ilionyesha kwamba kati ya waliojibu maswali, 98 katika kila 100 hawakuhitaji pedi ya mkojo. Jambo hilo wababa wanalijali sana hata kama hawalisemi.

Lakini wale 3 waliobaki nao ni watu, na miaka 7 siyo mingi kwa kansa inayotembea polepole. Kaka yako ataendelea kupimwa damu miaka na miaka. Asije akasema nimepona, akaacha kwenda. Tena dawa hii ni ya kansa ambayo bado iko ndani ya tezi tu. Ikishafika kwenye mifupa, sauti haiwezi kuimaliza.

Sasa tugeukie kwako, baba. Mwenye baba au ndugu wa damu aliyeugua kansa hii yuko hatarini kuliko wengine, na sisi watu weusi tayari tuko juu. Mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Huku kwetu mzee anakojoa kwa shida, anasema ni uzee, anakunywa mizizi, anafika hospitali mgongo ukishamuuma. Inaweza kuwa tezi imevimba tu, bila kansa, lakini utajuaje ukiwa umekaa nyumbani? Askofu Desmond Tutu aligunduliwa mwaka 1997, akalisema wazi, akaishi mpaka 2021 akiwa na miaka 90.

Mashine hiyo ya sauti Lilongwe hutaikuta. Kinachotangulia ni kipimo cha damu kinachoitwa PSA, na kidole cha daktari. Ndiyo, kidole, dakika moja imeisha. Nenda kituo chetu cha afya na kitabu chako cha hospitali, useme: ndugu yangu wa damu ana kansa ya tezi dume. Hakikisha yameandikwa. Ukipewa rufaa ya Dowa ama ya Kamuzu Central, usiifiche chini ya godoro. Mwonyeshe mama siku hiyo hiyo, mpange nauli pamoja.

Na ukimpigia kaka yako simu, muulize alikutwa akiwa na miaka mingapi. Daktari atataka kujua.