Tusikilizane Kama Wapigaji wa Jazi

Ndugu zangu Wakristo wa Tunduma, Mbozi, Ileje na Momba, nina ombi. Jumamosi moja kila mwezi makanisa yetu yafunguliane milango, na wanamuziki wao wapige pamoja. Wamoravian waje na matarumbeta, Wakatoliki na Walutheri na vinanda vyao, Wapentekoste na magitaa na dramu. Wasije kushindana, mashindano ya kwaya tunayo ya kutosha. Wapige kwa namna ya jazi, na sisi tulioketi tujifunze kwao namna ya kuishi.

Najua wapo watakaoshtuka. Kwa wazee wetu jina la jazi ni la dansi: Dar es Salaam Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Lakini jazi yenyewe ilizaliwa New Orleans, Marekani, miongoni mwa wajukuu wa watumwa, na imechota kwa wingi katika nyimbo walizoimba wakimlilia Mungu. Mwaka 1965 mwanamuziki wa jazi Duke Ellington aliingia na bendi yake kanisani Grace Cathedral, San Francisco, kupiga muziki mtakatifu. Hapa kwetu Remmy Ongala, mfalme wa kumbi za dansi, alimaliza maisha yake mwaka 2010 akiwa mwimbaji wa Injili.

Wapigaji wa jazi hukubaliana wimbo, kila mmoja akaujua kwa moyo. Kisha hupeana nafasi. Mwenye saksafoni akishika zamu, piano hupunguza sauti, besi hushikilia chini, dramu humfuata anakoelekea. Akimaliza, mwenzake huanzia pale alipoachia. Hakuna aliyeandikiwa kila noti, wala hakuna anayejipigia tu, maana wote wameshika wimbo mmoja. Someni Wakorintho wa Kwanza sura ya 14, mtaona Paulo akitaka waumini waje kusanyikoni kila mtu na alichopewa, na msemaji awe tayari kumpisha ndugu aliyeketi. Je, kwetu ni lini mara ya mwisho mama lishe wa stendi, kijana wa bodaboda, au utingo aliyepita ibadani akielekea Lubumbashi, alipishwa aseme alichoonyeshwa na Mungu?

Kuna kisa ambacho mpiga piano Herbie Hancock amekisimulia mwenyewe. Alikuwa jukwaani na Miles Davis, Davis yuko katikati ya zamu yake ya tarumbeta, Hancock akabonyeza sauti zisizokubaliana kabisa na wimbo. Davis akatua kidogo, kisha akapiga noti zilizofanya kosa lile lisikike kama lilipangwa. Hakulihukumu. Alilipokea lililotokea, akaendelea nalo.

Kisa hicho hunijia kila ninaposikia binti ametolewa kwaya kwa sababu amepata mimba. Sare yake hupewa mwingine, jina lake hutajwa mbele ya watu, na mara nyingine kijana aliyempa mimba yuko palepale akipiga gitaa. Sisemi dhambi ipewe jina zuri. Nasema tumjibu kwa noti itakayomrudisha katika wimbo: mama mmoja wa kanisa amsindikize kliniki, wengine wachange sare na madaftari arudi darasani, na nafasi yake kwenye sauti ya kwanza imsubiri. Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule tangu Novemba 2021. Kanisa lisiwe nyuma ya Serikali katika huruma.

Mji wa mpakani unahitaji imani ya namna hii kuliko mahali pengi. Tunacho kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde, Zambia, tangu 2019, lakini siku ikiharibika foleni ya malori hurudi nyuma kuelekea Mpemba, madereva wakalala kwenye kabini, wengine wana homa, wengine wameishiwa hela ya chakula. Ratiba ya ibada haikuwapangia kitu. Kwa hilo tunaye wa kuiga: Mary Lou Williams, mpiga piano mkubwa wa jazi, alibatizwa Mkatoliki mwaka 1957, na nyumba yake ya Harlem ikawa kimbilio la wanamuziki wagonjwa na walionaswa na dawa za kulevya. Aliwapikia, akawalaza. Misa aliyoitunga ikaja kupigwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York, mwaka 1975. Kwake kupika na kupiga piano vilikuwa utumishi uleule.

Pa kuanzia tunapo. Misheni ya Moravian ilifungua kituo Mbozi mwaka 1899, na matarumbeta ni urithi wa kanisa hilo tangu Herrnhut, Ujerumani, karne ya 18. Wanaokwenda makaburini alfajiri ya Pasaka wanaijua sauti ile inapokata baridi kabla ya jua. Wazee wanaoijua kazi hiyo wawashike mkono vijana wa magitaa, na vijana wawafundishe wazee kuacha karatasi za noti.

Wachungaji na mapadre, kubalianeni tarehe ya kwanza. Mwenye tarumbeta lililolala stoo alilete hata kama vali zimekwama, fundi tutamtafuta. Waalikeni wenzetu wa Nakonde, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka. Sufuria la wali na maharage liwepo kwa ajili ya madereva. Na wimbo wa kwanza uwe ule ambao madhehebu yote yanaujua, ili aliyeshuka tu kwenye lori aweze kuitikia.