Mtumishi ana wafuasi laki tano, lakini nani alimfundisha kulinda kondoo?

Bongo siku hizi staa akiokoka mambo yanakwenda chap. Mwezi wa kwanza analia madhabahuni, klipu inazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp. Mwezi wa tatu kashika maiki, anatoa ushuhuda kanisa hadi kanisa. Kabla mwaka haujaisha bango lake liko barabarani: suti kali, kidole juu, na mbele ya jina kuna Nabii, Mtume au Mama Mchungaji. Mashabiki waliokuwa wanamfuata kwenye muziki na filamu wanahama naye, safari hii wakiwa wamebeba matatizo yao: ndoa, madeni, magonjwa, mimba, uchumba uliovunjika.

Staa kuokoka ni jambo la heri. Wapo waliobadilika kweli na kuwatoa vijana kibao kwenye unga na pombe. Ishu inaanza pale anapofungua ofisi ya ushauri. Wiki hiyo hiyo atakaa na binti wa miaka 15 anayesema baba wa kambo anamwingilia chumbani usiku. Atakaa na kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Atakaa na mke aliyevimba jicho. Maneno matatu tu atakayowaambia yanaweza kuokoa maisha au kuyamaliza. Nani alimfundisha hayo maneno?

Dereva wa bodaboda anatakiwa awe na leseni. Mama lishe anapimwa afya ndiyo auze wali maharage. Mwalimu wa chekechea kasomea. Kwa upande wa makanisa, Msajili wa Jumuiya anasajili jumuiya: katiba yake, viongozi wake, anuani yake. Huo si mtihani wa kujua kama mwenye huduma anaweza kumlinda mtoto.

Na hasara yake watu wameshaiona. Februari 1, 2020, uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kupita kwenye mafuta yaliyosemwa yana upako. Walikuja kuombewa, wakarudishwa kwenye majeneza. Mtu yeyote aliyewahi kufundishwa kusimamia umati anajua kwamba maelfu ya watu hawaitwi sehemu moja kwa wakati mmoja, na kwamba njia za kutokea zinahesabiwa kabla ya ibada kuanza. Hilo ni somo la asubuhi moja.

Mwaka 2023 ikaja Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, mingine ya watoto wadogo. Upande wa mashtaka unasema waumini waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Mhubiri mwenyewe alikana mashtaka. Kinachojulikana ni kwamba alitoka kwenye kuendesha teksi akaingia kwenye kuendesha roho za watu, na mahubiri yake yalikuwa mitandaoni kila mtu akiyaona.

Hapa ndipo wadau huwa wanachachamaa: "Kwani Petro alikuwa na digrii?" Hapana, alikuwa mvuvi. Lakini alikaa na Mwalimu wake miaka mitatu, mchana na usiku, akikosea na kurekebishwa mbele ya wenzake. Na Paulo anapomwandikia Timotheo kuhusu mtu wa kusimamia kanisa, anataja asiwe mgeni kwenye imani, asipende fedha, na awe na sifa njema hata kwa walio nje ya kanisa. Ukipitisha ungo huo kwa mastaa wa madhabahu wa leo, wengi wangeambiwa wasubiri kidogo.

Rwanda wao waliamua kukaza. Sheria ya mwaka 2018 ilimtaka kiongozi wa kanisa awe na digrii ya masomo ya dini, au digrii nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, na mwaka 2024 maelfu ya makanisa yalifungwa baada ya ukaguzi. Wengi wa mtaani walishangilia. Lakini digrii peke yake haitoshi. Mtu anaweza kusoma Kigiriki miaka minne, akajua safari zote za Paulo, na bado akamfungia binti mdogo ofisini na ufunguo ukabaki mfukoni mwake.

Ushahidi uko Uingereza. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa juu wa Kanglikana duniani, alitangaza kujiuzulu baada ya ripoti kuhusu wakili mmoja aliyekuwa akiendesha kambi za vijana wa Kikristo. Wakili huyo aliwatesa vijana wa kiume na watoto zaidi ya 100. Watu wa ndani walijua tangu 1982. Wakanyamaza, jamaa akahamia Zimbabwe akafungua kambi nyingine, halafu akaenda Afrika Kusini. Alikufa 2018 bila kutiwa hatiani. Hilo ni kanisa lenye vyuo, maaskofu na madigrii ya kutosha. Na huyo jamaa hakuwa hata mchungaji. Alikuwa mlei, mzee wa kuaminiwa.

Hapo kwenye walei ndipo pa kukazia macho. Padri anakaa seminari miaka na miaka, mchungaji wa Kilutheri anapita chuoni. Sasa mwalimu wa kwaya je? Mwalimu wa Sunday school? Katekista? Kiongozi wa vijana anayewapeleka kwenye mkesha na kuwarudisha saa kumi usiku kwa gari lake? Hao ndio wanaoshinda na watoto kuliko mchungaji mwenyewe, na wengi walipewa kazi kwa sababu wana sauti nzuri, wana gari, au wanajituma. Mtu anaanza na "ubarikiwe dada" inboksi, wiki ya pili ni "umelala?" saa sita usiku. Binti akilalamika anaambiwa asimguse mtiwa mafuta. Jumapili mbili baadaye haonekani tena, na tangazo linatoka kwamba karudi duniani.

Mafunzo yanayotakiwa wala hayahitaji chuo kikuu. Siku mbili tatu za darasa, kila mwaka, kwa kila mtu anayeshika nafasi, zingebadilisha mengi. Ushauri ufanyike mahali ambapo watu wengine wanaona, mlango wa kioo au wazi. Mtoto asibaki na mtu mzima mmoja peke yake, wawe wawili. Sadaka iingie kwenye namba ya kanisa, isiingie kwenye simu ya mtumishi, na mahesabu yasomwe. Mgonjwa aombewe, ila asiambiwe aache ARV wala sindano ya kisukari. Anayesikia sauti aombewe na apelekwe hospitali pia. Mirembe pale Dodoma haikujengwa kwa ajili ya watu wasio na imani.

Somo kubwa kuliko yote ni la mtoto akisema. Msikilize, usimhoji kama polisi, usimwahidi siri, na usimwite mtuhumiwa ofisini "mpatane". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa haki ya mtoto inapovunjwa. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna afisa ustawi wa jamii, kuna namba 116. Na kuna saa. Dawa za kuzuia VVU kwa aliyebakwa zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Kanisa likisema "kwanza tufunge siku tatu tulipeleke jambo mbele za Bwana", zile saa zimeisha. Kufunga kunaweza kuanza baada ya kutoka hospitali.

Makanisa makubwa nayo yasijisahau. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliagiza kila jimbo Katoliki duniani liwe na mfumo wa wazi wa kupokea taarifa za unyanyasaji. Agizo zuri. Muulize sasa muumini wa kawaida, pale nje baada ya misa ya kwanza, ataripoti wapi. Wengi watakutazama tu. Mfumo ambao muumini haujui haumsaidii kitu.

Mtumishi aliyefundishwa naye anafaidika. Ukiwa na mlango wa kioo na shahidi, mtu akitaka kukuchafua anakosa pa kuanzia. Ukiwa na wenzako wa kukuambia "pumzika", huanguki katikati ya mahubiri kwa uchovu. Mtumishi anayekataa hata haya madogo, anayesema yeye anaripoti kwa Mungu peke yake, huyo ameshajibu swali kabla hajaulizwa.

Kwa hiyo Jumapili hii, kabla ya kurekodi laivu na kuweka status, uliza matatu: Wanaofundisha watoto hapa wamefundishwa nini? Mtoto akiumizwa, anamwambia nani? Huyo anayeambiwa, anaripoti wapi nje ya kanisa? Kanisa lenye afya litajibu bila kununa.

Kanisani kwako majibu yapo? Au ukiuliza tu unaitwa mwasi? Funguka hapo chini.