Saratani ya ovari: Matundu madogo au kufungua tumbo? Madaktari bado wanavutana

Kidonda kidogo, maumivu kidogo, siku chache wodini. Kwa mwanamke aliyetoka kuambiwa ana saratani ya ovari, upasuaji wa matundu madogo unavutia. Nani asiutake?

Swali linalowagawa madaktari ni jingine kabisa: miaka mitano baadaye, nani atakuwa bado hai?

Si swali dogo. Mwaka 2022 pekee, wanawake zaidi ya 324,000 duniani waligundulika na saratani hii, na zaidi ya 206,000 walifariki kwa sababu yake. Wengi huchelewa kugundulika, kwani tumbo kujaa gesi au kushiba haraka ni mambo ambayo mtu huyapuuza tu.

Mchele kwenye mkeka

Katika upasuaji wa kawaida, daktari huchana tumbo kwa mkato mrefu wa wima. Anaingiza mikono na kupapasa utumbo, ini, hadi kile kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua.

Ana sababu. Saratani ya ovari husambaza chembe zake tumboni kama mchele uliomwagika kwenye mkeka. Punje nyingine hazionekani hadi uzipapase. Na kiasi kinachobaki baada ya operesheni ni miongoni mwa vitu vinavyoamua mgonjwa ataishi muda gani. Lengo ni kutobakiza chochote kinachoonekana kwa macho.

Kwa njia ya matundu, tumbo hujazwa gesi, kisha kamera na vifaa vyembamba hupenyezwa. Kamera inakuza picha, daktari anaona vizuri tu. Ila kupapasa kwa mkono hawezi.

Somo chungu la 2018

Hofu ya madaktari haikutoka hewani. Mwaka 2018, utafiti ulioongozwa na Dk Pedro Ramirez wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, Marekani, ulilinganisha njia hizi mbili kwa wanawake 631 wenye saratani ya shingo ya kizazi iliyo katika hatua za mwanzo. Wengi walitarajia matokeo yafanane.

Hayakufanana. Waliopasuliwa kwa matundu, 19 walifariki. Waliofunguliwa tumbo, 3. Utafiti ulisitishwa kabla ya kufikia idadi ya wagonjwa iliyopangwa.

Hiyo ni shingo ya kizazi, si ovari, na hapa ndipo watu huchanganya mambo. Kwenye saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, matundu madogo yalifanya vizuri na leo ni njia ya kawaida kabisa. Kwa hiyo huwezi kuchukua jibu la saratani moja ukalibandika kwenye nyingine.

Uvimbe ukipasuka

Kwa saratani ya ovari ambayo haijatoka ndani ya ovari, hatari kubwa ni uvimbe kupasuka wakati wa kuutoa. Ukipasuka, ugonjwa uliokuwa hatua ya 1A unahesabiwa 1C, na mgonjwa anaweza kujikuta anahitaji tiba ya kemikali ambayo pengine angeikwepa. Ndiyo maana madaktari huutia uvimbe kwenye mfuko maalumu kabla ya kuutoa. Ukiwa mkubwa sana, wengi wanaona ni busara kufungua tumbo tu.

Mvutano mkali uko kwa wagonjwa ambao saratani imeshasambaa, wakaanza na tiba ya kemikali, na uvimbe ukasinyaa. Uchambuzi wa takwimu za Marekani uliotoka 2017, uliohusisha wanawake zaidi ya 3,000 wa kundi hili, haukuona tofauti ya wazi katika uhai wa miaka 3. Waliopasuliwa kwa matundu walikaa hospitali siku 4 badala ya 5.

Lakini ngoja kwanza. Daktari ndiye anayechagua nani apasuliwe kwa matundu, na kwa kawaida huchagua wale ambao saratani imepungua zaidi. Ukilinganisha hivyo, hujui kama kilichosaidia ni njia au ni bahati ya mgonjwa.

Ili kumaliza ubishi, MD Anderson inaongoza utafiti uitwao LANCE, uliopangwa kuhusisha wanawake 580. Humo njia ya upasuaji huamuliwa kwa bahati nasibu, daktari hachagui.

Upande wa matundu una hoja nyingine nzito: mgonjwa huyu hurudi kwenye tiba ya kemikali wiki chache baada ya operesheni, na mwili uliopona haraka huianza bila kuchelewa.

Kwa sasa, anayepewa fomu ya kusaini ana la kumuuliza daktari wake: ukikuta saratani ni zaidi ya ulivyotarajia, utafanyaje? Operesheni iliyoanza kwa matundu inaweza kugeuzwa kuwa ya kufungua tumbo palepale mezani. Hilo halina maana kwamba daktari ameshindwa, na ni vizuri mgonjwa alijue kabla ya kupewa dawa ya usingizi.