Entebbe Si Ng'ambo: Barua ya Wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kigali kuhusu tiketi ya ndege, hasa ile sehemu ya chini ambayo wengi hatuisomi: kodi na tozo.

Kutoka uwanja wetu wa Kanombe hadi Entebbe, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 340. Abiria hajamaliza soda yake, anaambiwa afunge mkanda. Na kwa kuwa saa za Uganda ziko mbele ya zetu kwa saa moja, anayeruka Entebbe saa nne asubuhi anaweza kutua hapa kabla saa nne ya Kigali haijatimia! Umbali huo ni mfupi kuliko Nairobi–Mombasa, inayozidi kilomita 400. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama 850, ilhali Kigali hadi Nairobi hazifiki 760. Lakini ya Mwanza ni safari ya ndani, yetu ya kimataifa.

Tofauti hiyo inalipiwa. Kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikimtoza abiria wa ndani shilingi 600 za huduma ya uwanja, na anayevuka mpaka dola 50. Tanzania nayo, shilingi 10,000 kwa wa ndani, dola 40 kwa wa nje. Anayetoka Nairobi kwenda London na anayekuja Kigali wanatozwa sawasawa. Wa London, atakayekaa angani karibu saa tisa, dola hizo zinapotelea ndani ya nauli yake. Sisi wa saa moja na ushee zinatuuma.

Tukiuliza, tunajibiwa kwamba mafuta ni ghali. Ni kweli; mafuta ya ndege hutufikia kwa malori kutoka bandari za pwani, na hakuna kikao cha Arusha kitakachofupisha barabara hiyo. Tozo ni habari nyingine. Iliwekwa kwa saini, na saini inaweza kuishusha.

Tena tumeshafanya jambo la aina hii. Mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda ziliruhusu raia wao kuvuka mipaka kwa kitambulisho tu, na mwaka huohuo zikakubaliana kushusha gharama za kupigiana simu. Kwa hiyo afisa uhamiaji ananipokea kama jirani, huku tiketi iliyo mfukoni mwangu ikinihesabu mgeni.

Najua mezani kwako kuna mazito zaidi. Februari 2025 Kongo, mwenzetu katika Jumuiya tangu 2022, ilifunga anga lake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda. Hilo haliamuliwi kwa barua ya abiria, ndiyo maana naomba dogo linalowezekana.

Peleka pendekezo mbele ya Baraza la Mawaziri: abiria anayesafiri kati ya nchi wanachama atozwe kama wa ndani. Kama ni vigumu kwa mkupuo, anzeni na njia zisizozidi kilomita 800. Mamlaka za viwanja zitalalamika kwamba zinapoteza mapato. Ziulizwe, basi, leo zinapata nini kwa mfanyabiashara anayepanda basi kituo cha Nyabugogo hapa Kigali jioni, akapita mpaka wa Gatuna usiku na kuamkia Kampala. Hazipati hata senti.

Wako,
Abiria wa Kanombe, Kigali