Tairi Linaloliwa Mezani

Gari au pikipiki inapoharibika mjini Goma, mashariki mwa Kongo, neno la kwanza linalosikika nyumbani ni “bahati mbaya”. Cheni imekatika, amotisa imevuja, tairi limepasuka njiani kuelekea Ndosho, na fedha zilizowekwa kwa minervali, yaani karo ya shule ya mtoto, zinaishia garaji. Nyumba inaomboleza kana kwamba mwizi ameingia usiku. Mimi nalikataa neno hilo. Jambo linalorudi kila baada ya miezi michache, kwa sababu ile ile, kwenye njia ile ile, haliwezi kuitwa bahati. Ni gharama inayojulikana, iliyofichika tarehe tu. Na nyumba nyingi za mji huu haziipangii nafasi kwa kuwa zinakosea mapema zaidi, pale zinapohesabu pato.

Tuanze na ardhi yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Safari hii lava ilikata barabara ya taifa namba 2 iendayo Rutshuru, ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji. Mara zote mbili watu walirudi, wakasawazisha mawe, wakaendelea kupita juu yake. Ndiyo maana, ukitoka kwenye barabara chache zenye lami, gurudumu la Goma hukanyaga jiwe lililopoa, lenye makali kama chupa iliyovunjika. Kiangazi jiwe hilo husagika kuwa vumbi jeusi, nalo huingia kwenye cheni, kwenye freni na kwenye filta ya hewa likafanya kazi ya msasa. Anayetoka Katoyi kwenda Birere mara kumi kwa siku anakipiga msasa chombo chake mara kumi. Makanika wa mji huu hawahitaji mtabiri wa kuwaambia ni kitu gani kitaletwa kesho asubuhi.

Sasa tumtazame motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayerudi jioni. Ametoa fedha za petroli, ametoa zile za kumpelekea mwenye pikipiki, na kilichobaki mfukoni anakiita pato lake. Hapo ndipo hesabu inapopotoka, kwa sababu sehemu ya fedha zile ni unene wa tairi uliopungua tangu asubuhi, umegeuka noti. Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu nyepesi. Tairi la nyuma la dola 25 likidumu siku 100 za kazi, kila siku linakula senti 25. Cheni na vigurudumu vyake vya meno, kwa dola 20 na muda ule ule, vinakula senti 20. Mafuta ya injini, freni, nyaya na vidude vingine, tuseme senti 55. Jumla ni dola moja kila siku. Kama motari huyo amefika nyumbani na dola 5, pato lake ni dola 4. Ile ya tano ni mali ya pikipiki. Nyumba ikizila zote tano, imekula fufu, samaki wadogo wa sambaza na kipande cha tairi. Inafanya hivyo siku 100 mfululizo, kisha inadaiwa dola 100 kwa mpigo mmoja, na inashangaa zimetoka wapi. Mwenye gari la kwendea kazini hukutwa na hali hiyo hiyo, ila yeye haoni hata hizo noti za jioni, hivyo kushangaa kwake ni kukubwa zaidi.

Msukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, haingii katika mtego huu, na inafaa tujiulize kwa nini. Chombo chake ni mbao, na gurudumu limevishwa ukanda wa raba uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Raba ikiisha anaiona kwa macho yake, anapigilia nyingine, safari inaendelea. Mji umemheshimu kwa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko mkubwa, na nadhani anastahili pia kuheshimiwa kwa hesabu yake. Injini huficha uchakavu mpaka siku unapojitokeza wote kwa pamoja. Dawa ni kuutoa uchakavu huo mafichoni kwa daftari: tarehe, kitu kilichobadilishwa, bei, na siku ambazo kile cha zamani kilidumu. Baada ya mwaka mmoja daftari litakuwa limemwambia mwenye nyumba gharama ya siku ya chombo chake, naye ataitoa kwanza, kabla ya kuugawa mfuko.

Najua jibu litakalotolewa, na ni zito. Mtu anayekula alichopata leo ataweka akiba kwa tumbo lipi? Siwezi kulipuuza swali hilo katika mji ambao watu wake wengi huishi kwa kibarua cha siku. Lakini linachukulia kwamba asiyeweka hatalipa, wakati atalipa, tena zaidi. Cheni iliyolegea inayala meno ya vigurudumu vyake. Kilichokuwa ununuzi wa kitu kimoja kinakuwa vitatu. Freni iliyokwisha inachimba diski. Mafuta ya injini yakicheleweshwa, huenda injini yote ikafunguliwa. Juu ya hayo zipo siku ambazo pikipiki imelala garaji na haileti kitu, na upo mkopo wa haraka wenye riba yake. Kisha kuna gharama ambayo sijui kwa nini hatuizungumzi: mara nyingi fedha za karibu kuliko zote nyumbani ni mtaji wa mama. Ukikombwa mtaji wa mwanamke anayeuza sambaza sokoni Kituku ili kununua tairi, pikipiki itatembea kesho, na biashara yake itakaa bila bidhaa. Familia imetengeneza mguu mmoja kwa kuukata mwingine. Senti chache kwa siku ni ngumu, sikatai, lakini ni nyepesi kuliko hilo.

Pingamizi jingine ni la mahali pa kuziweka. Fedha taslimu nyumbani huibwa, au huisha kwa shida za ndugu, ambazo hazikataliki. Waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za biashara zilifunga milango, noti zikawa adimu, na watu wakaegemea fedha za simu. Dola nazo zina adha yake: noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Likelemba tunayoipenda, mchango wa kupokezana kwa zamu, inasaidia nusu, kwa sababu zamu yake ina tarehe, na injini haisubiri zamu. Kinachofaa zaidi ni muundo wa AVEC, vikundi vya kijiji vya kuweka na kukopa, ule ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na ambao vikundi vingi vya wanawake wa Kivu vinaufahamu vizuri: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na kando ya akiba ya kawaida kuna mfuko wa dharura unaofunguliwa siku ya shida. Motari kumi wa kituo kimoja wanaweza kuwa na mfuko wa namna hiyo kwa ajili ya vipuri tu. Wakiogopa noti, waweke vitu badala ya noti: matairi mawili, cheni moja, chupa kadhaa za mafuta ya injini. Hakuna shemeji atakayekuja kukopa cheni ya kulipia mazishi. Na asitokee mtu wa kudhani kwamba bima itaifanya kazi hiyo. Bima ya lazima hulipa madhara uliyowafanyia wengine barabarani, haibadilishi kipuri kilichochakaa.

Wengine watasema kwamba ninamtwika raia mzigo wa serikali. Barabara zingetengenezwa, tairi lingedumu. Hilo ni kweli kabisa, wala sitaki litumike neno langu lolote kuwasamehe wenye mamlaka, wa jana au wa leo. Kongo iliunda mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, FONER, mwaka 2008, na chanzo chake kikuu ni tozo juu ya mafuta ya magari. Maana yake, sheria yenyewe ilikwisha kukubali hoja ninayoitetea hapa: kila lita inayochomwa inaacha uchakavu nyuma yake, kwa hiyo fedha za kuurekebisha zitolewe pale pale kwenye pampu, kabla shimo halijatokea. Anayenunua petroli Goma amelipa miaka mingi kwa wazo hilo bila kuiona lami. Daftari ninalolipendekeza lingempa cha kushika mkononi. Chama cha motari kinachoweza kuonyesha kwamba wanachama wake walinunua matairi mangapi kwa mwaka mmoja, na kwa kiasi gani, kwa sababu ya njia fulani, kinadai kwa ushahidi. Lakini madai huchukua miaka, na mtoto ambaye minervali yake imeishia garaji anafukuzwa darasani wiki hii.

Lipo eneo moja ambalo mpango wa nyumba peke yake hautoshi, nalo linaniuma kuliko mengine. Motari wengi huendesha pikipiki isiyo yao. Mwenye pikipiki anapokea fedha zake kila siku au kila wiki, naye pia anakula tairi bila kujua, au anajua. Kwa desturi vitu vidogo humwangukia dereva na injini humwangukia mwenye mali, ila katikati kuna vitu visivyo vidogo wala si injini, na hivyo ndivyo vinavyovunja nyumba za watu. Pikipiki ikilala garaji siku tatu, je, fedha za siku tatu hizo zinadaiwa? Mahali ambapo zinadaiwa, dereva analipia uchakavu mara mbili: mfukoni, na kwa siku ambazo hakufanya kazi. Ni haki sehemu ya fedha za kila siku, hata ile dola moja ya mfano wetu, itengwe kwa matengenezo na pande zote mbili, na siku za garaji zisihesabiwe deni. Hayo yaandikwe kwenye karatasi siku ufunguo unapokabidhiwa, mke wa motari akiwapo, kwa sababu mtaji utakaochukuliwa siku ya tatu ni wake.