Watoto wa pwani wanapohamia Lushoto wakati wa kipupwe

Basi linapoiacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda kona za kuelekea Soni, watoto waliotoka Dar es Salaam huwa bado wamevaa fulana za mikono mifupi. Kabla ya kufika Lushoto mjini, safari ya kilomita zipatazo 33 tu, madirisha yote yamefungwa na yule mdogo ameshaomba kanga ya mama ajifunike. Hapo ndipo familia inapogundua kwamba iliyobadilika si kituo cha kazi cha baba au mama peke yake. Hali ya hewa nayo imebadilika.

Mji wa Lushoto uko kwenye Milima ya Usambara Magharibi, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi hujaa ukungu, manyunyu huja bila hodi, na usiku joto linaweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Kwa mtu wa Makete hiyo si habari. Kwa mtoto wa Mbagala aliyezoea kulala na shuka moja na feni juu, ni dunia nyingine kabisa.

Mzazi akijipanga, dunia hiyo ni nzuri mno kwa mtoto. Asipojipanga, wiki ya kwanza tu inaweza kuleta msiba ndani ya nyumba.

Jiko lisilale chumbani

Jambo la kwanza ni jiko la mkaa. Familia imefika jioni, godoro liko chini, mablanketi bado yamefungwa kwenye marobota na watoto wanatetemeka. Mzazi anaona makaa yaliyopikia chai bado mekundu, hayatoi moshi. Analiingiza jiko chumbani, anafunga mlango na dirisha ili joto lisitoke, kisha wote wanalala.

Kosa liko hapo hapo. Makaa yasiyo na moshi bado yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, wala haikoozeshi. Huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea na kupitiwa na usingizi. Aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa.

Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutosha. Jiko liwashwe nje, lipikie mahali penye hewa, na wakati wa kulala libaki nje. Ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua milango, mtoe nje kwenye hewa safi na umwahishe hospitali. Usimwache alale ukidhani ni uchovu wa safari.

Joto la usiku litafutwe kwa njia nyingine. Watoto wavishwe nguo nyepesi mbili au tatu zilizopandana badala ya koti moja zito. Soksi na kofia zinasaidia sana, na sweta nzuri za mitumba hupatikana kwa bei ya kawaida. Sakafu ya saruji ni baridi, hivyo godoro liwekewe mkeka au maboksi chini yake. Mtoto mchanga akae kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha wafunikwe wote wawili. Watoto waogeshwe mchana jua likiwa limetoka, na wakinyeshewa wabadilishwe nguo mara moja.

Mafua si nimonia, lakini

Mtoto aliyetoka joto kali akapata mafua wiki ya kwanza si ajabu. Cha kuangalia ni pumzi yake. Akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mzazi ahesabu pumzi kwa dakika nzima, simu ikiwa mkononi. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Wa miezi miwili hadi 11 ni 50 au zaidi, na wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, asisubirishwe hadi asubuhi. Apelekwe kituo cha afya usiku huo huo.

Chandarua nacho kisigawiwe kwa majirani kwa sababu tu huku juu mbu ni wachache. Likizo ikifika, watoto watashuka Mombo, Korogwe au Tanga kwa bibi, na malaria bado inawasubiri huko.

Wasifungiwe ndani

Wazazi wengine wakiona ukungu huwafungia watoto ndani na televisheni hadi Septemba. Mtoto anayetembea na kucheza hupata joto haraka kuliko aliyekaa, na Lushoto ni mji wa kutembea.

Kwa kuanza, familia inaweza kutembea hadi Irente, kilomita chache kutoka mjini. Pale juu ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa linaonekana tambarare lenye joto ambako basi lilipita. Mtoto akiliona tambarare hilo kutoka juu anaelewa mlima ni kitu gani kuliko akisimuliwa darasani. Waende ukungu ukishaondoka, na kila mdogo ashikwe mkono, kwa kuwa genge lile ni refu na mawe yenye unyevu huteleza.

Safari ya pili iwe msitu wa asili wa Magamba, ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lipieni kiingilio na mchukue mwongozaji. Ndani ya msitu giza huingia mapema na njia zinafanana.

Huko watoto wakiinua macho wanaweza kuwaona mbega, wenye manyoya meusi na mashungi meupe marefu. Mbega hula zaidi majani na hushinda juu ya miti, kwa hiyo wanaotaka kumwona lazima watembee kimya. Kwa watoto waliozoea kelele za bodaboda, nusu saa ya kunyamaza ni zoezi kubwa.

Kima ni tofauti. Huyu hushuka hadi mashambani na kwenye nyua, na akionjeshwa ndizi mara moja atarudi kesho kuichukua kwa nguvu. Watoto waambiwe mapema kwamba mnyama wa porini halishwi, hata akionekana mpole. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na kima au mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kinyonga wa uani

Mnyama atakayewashangaza zaidi huenda asiwe msituni. Atakuwa kwenye ua wa nyumba. Milima ya Usambara ina aina nyingi za kinyonga, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Yumo mmoja ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, na jike halina hata moja.

Watoto wengi hufika wakiwa wamefundishwa kumwogopa. Wameambiwa ana sumu, ni mkosi, au akikugusa utapata balaa. Wakimwona wanaokota mawe. Ukweli ni kwamba kinyonga hana sumu, na kazi yake kubwa ni kuwanasa wadudu kwa ulimi wake mrefu. Mzazi anayeogopa naye pia anaweza kusema hivyo kwa uwazi: "Mama naye anamwogopa, lakini hatumpigi. Tunamwangalia tu."

Msimu wa baridi ndio mzuri kwa kumsoma. Asubuhi kukiwa na ubaridi, kinyonga husogea polepole na rangi yake huwa nyeusi ili anyonye joto la jua. Jua likipanda anang'aa. Usiku hulala mwishoni mwa vijitawi, na mwanga wa tochi ukimpiga anaonekana amepauka kati ya majani mabichi. Mzazi na watoto wakitoka uani kwa robo saa na tochi, huku wamevaa sweta na viatu vya kufunika mguu, wamepata mchezo wa usiku usiohitaji bando. Wahesabu waliowaona, waandike kwenye daftari, wasiwashike. Na akija mtu kuwaahidi watoto hela ili wamkamatie kinyonga, wajue kwamba kukamata na kuuza wanyamapori bila kibali ni kosa la jinai.

Viatu vile vina sababu. Misitu hii ina nyoka pia, akiwemo kifutu mdogo wa mitini mwenye vipembe juu ya macho, naye ana sumu. Kanuni ya watoto iwe fupi: angalia kwa macho na tochi, mkono usiingie kichakani. Mtoto akiumwa na nyoka, asichanjwe, asifungwe kamba wala jeraha lisinyonywe. Atulizwe, mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, abebwe kwenda hospitali.

Majirani wanayajua haya yote kuliko kitabu chochote. Asubuhi ya kwanza watoto wapelekwe kwa bibi wa nyumba ya pili wampe shikamoo. Yeye ndiye atakayewaambia kima hushuka saa ngapi na njia ipi huteleza mvua ikinyesha.

Lakini usiku wa kuamkia hiyo asubuhi, kabla hata ya kufungua marobota, wazazi waamue kitu kimoja: jiko linalala wapi. Jibu ni nje.