Kamera ya Rivasi Haiijui Betri Kubwa

Kuna imani inayosambaa haraka kuliko magari yenyewe: kwamba gari la umeme likipata hitilafu, hata iwe ndogo kama kamera ya rivasi, fundi wa kawaida asiliguse. Litampiga shoti, litashika moto, kompyuta yake itajifunga. Basi lipelekwe kwa wakala, na kama wakala hayupo lisubiri mtaalamu wa kutoka nje. Wanaoyasema haya hujiona waangalifu. Kwa maoni yangu wameweka hofu mahali pasipo na hatari, na mahali penye hatari wamepita wakipiga mluzi.

Tuanze na huo umeme. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambalo leo huingia Kenya na Tanzania likiwa mtumba kutoka Japani, lina betri mbili. Ile kubwa iliyolala chini ya sakafu ina volti zinazokaribia 360, na hiyo kweli inaua. Nyingine iko mbele, chini ya boneti: betri ya maji ya volti 12, ndugu wa ile iliyomo kwenye Corolla. Taa, honi, redio, vioo vya milango na kamera ya rivasi vyote hula kwenye hii ndogo. Ndiyo maana Leaf lenye chaji tele linaweza kugoma kuwaka kwa sababu tu betri ndogo imekufa. Swichi zinazoiunganisha betri ya chini na mota nazo husubiri volti 12 ndipo zishike. Baina ya betri hizo mbili kuna kifaa cha kushusha umeme, kinachofanya kazi ambayo kwenye gari la petroli hufanywa na altaneta. Umeme mkubwa nao haujifichi. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari ya umeme inauhesabu kuwa mkubwa ukizidi volti 60 za betri, na inataka nyaya zake zilizo nje ya visanduku zivikwe ganda la rangi ya chungwa. Kwenye mlango wa buti, pale kamera inapokaa, hakuna waya wa rangi hiyo. Fundi atakutana na plagi ndogo, klipu za plastiki zinazokatika zikivutwa kwa pupa, na ule mpira unaobeba nyaya kutoka bodi kwenda mlangoni.

Mpira huo ndio ungestahili kutiliwa shaka kabla ya betri. Desemba 2021 Tesla iliita zirudi kurekebishwa Model 3 zaidi ya 356,000 nchini Marekani, za miaka ya 2017 hadi 2020. Tatizo lilikuwa kebo ya kamera ya nyuma: kila buti lilipofunguliwa na kufungwa, kebo ilisuguliwa, hadi ikafika mahali picha haionekani tena. Dawa iliyotolewa ilikuwa kinga ya kuiongoza kebo, na kebo mpya kwa iliyokwisha kuharibika. Kampuni inayosifiwa kwa kompyuta zake ilishindwa na ugonjwa ule ule unaoyapata magari ya petroli yaliyofunguliwa buti mara elfu kadhaa. Ugonjwa huo hautibiwi kwa shahada ya umeme mkubwa. Unatibiwa na mtu mwenye mita ya umeme na subira ya kuufuata waya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mpinzani makini ataniambia nimechagua mfano unaonifaa, na ana haki. Januari 2024 Tesla iliita tena magari karibu 200,000 kwa kukosa picha ya nyuma, na safari hii kosa lilikuwa kwenye programu. Likasahihishwa kupitia intaneti bila mtu kushika bisibisi. Mwaka mmoja baadaye ikaita mengine takriban 239,000, ambayo bodi ya kompyuta yake ingeweza kupata shoti na kuzima kamera. Kwenye magari hayo, kununua kamera mpya ni kutupa fedha. Nakubali yote. Lakini hoja hiyo inathibitisha nini? Kwamba uchunguzi hutangulia spea, jambo ambalo fundi yeyote mwenye heshima analijua. Na pale gari linapoikataa kamera mpya mpaka isajiliwe kwa mashine ya wakala, aliyeweka kufuli hiyo ni mtengenezaji. Betri kubwa haihusiki kabisa, maana yapo magari ya dizeli yenye kufuli kama hizo. Wapiga kura wa Massachusetts walilielewa hilo: mwaka 2012, na tena 2020, waliunga mkono sheria za kuwapa wenye magari na mafundi huru haki ya kupata taarifa za matengenezo, wala hawakuyatenga magari ya umeme. Sisi tukiendelea kuulaumu umeme, mwenye kufuli hataulizwa na mtu.

Hatari ya kweli imekaa kwenye picha. Marekani ilipitisha sheria ya kuona nyuma mwaka 2008 na kuipa jina la Cameron Gulbransen, mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma. Tangu Mei 2018 kila gari jipya dogo linalouzwa huko sharti liwe na kamera. Serikali yao ilikuwa imekadiria vifo 210 na majeruhi 15,000 kwa mwaka kutokana na magari yanayorudi nyuma. Gari la umeme likienda polepole halina muungurumo wa injini wa kumshtua mtoto, kwa hiyo kamera yake ina mzigo mzito zaidi. Sasa tazama kinachofanyika Leaf linapovuliwa redio yake ya Kijapani na kuvalishwa ya Android. Baadhi ya kamera za Kijapani hulishwa volti 6 kutoka kwenye redio, si 12. Ukiipa kamera hiyo 12 huenda ikaungua, na ukiilisha 6 kamera ya 12 picha huwa hafifu au haiji. Kamera nyingi za bei nafuu zina kitanzi kidogo cha waya ambacho kukikata au kukiacha ndiko kunakoamua kama picha itageuzwa kama ya kioo. Kikikosewa, mtoto aliye kushoto anaonekana kulia, na dereva anakata usukani kumfuata akidhani anamkwepa. Ile mistari ya kijani na nyekundu nayo, ikichorwa kwa gari jingine, inadanganya umbali.

Haya hayaulizwi. Mteja anauliza kama fundi ana cheti cha magari ya umeme, kisha anaondoka na kamera iliyofungwa kinyume. Kipimo kipo, na hakihitaji mashine. Sheria ya Marekani inataka picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kuweka rivasi, na ioneshe eneo la nyuma ya gari lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, apime kwa futi kamba, apange ndoo pembeni mwa eneo hilo, nyekundu kushoto na bluu kulia, mwenye gari akae kwenye usukani na kutazama. Ndoo isipoonekana, au nyekundu ikitokea kulia, asilipe.